Mashine Iliyokuwa Kiirua

Kule Kiambere nyaya za umeme zilikuwa zikipita juu ya vichwa vya watu tangu Wawira akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Maji ni ya Tana, bonde ni la Wambeere, mawe ya bwawa waliyabeba baba zao mabegani, halafu umeme ukizaliwa unapanda minara na kwenda kuwaangazia watu wa mbali, bila hata kugeuka kuaga. Nyumbani kwa mama yake waliwasha koroboi chini ya waya uliovuma kama nyuki. Wengine hurithi ng'ombe. Wawira alirithi kumbukumbu, na kumbukumbu ni mfugo usiochinjwa: kila mwaka unanenepa tu.

Kumbukumbu iliyonenepa kuliko zote ilikuwa ya kaka yake, Muriuki. Mwaka mmoja mvua ilirudi mahindi yakiwa bado shambani. Watu wakavuna mabichi, wakayaweka ghalani wakitumaini jua litamalizia kazi. Jua halikumalizia. Muriuki akala ugali wake mwenyewe, wa jasho lake mwenyewe, macho yakageuka manjano, tumbo likavimba, na muda si muda mkewe Regina akawa mjane. Sumukuvu, daktari alisema. Ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, na kuacha sumu ambayo mpishi haioni na mlaji haionji.

Baada ya mazishi, kikundi cha Regina na akina mama wenzake kilinunua kipima unyevu kutoka ng'ambo, ili mahindi yasiingie ghalani kabla ya kukauka. Kilifanya kazi msimu mmoja. Msimu wa pili kikaandika kwenye kioo chake kidogo kwamba kinahitaji huduma ya muuzaji, kikazima. Wawira, ambaye siku hizo alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda sokoni, alikifungua. Ndani alikuta chipu moja nyeusi iliyokwanguliwa jina. Hakuna mchoro, hakuna spea, hakuna wa kumwuliza.

"Wamekwangua jina," alimwambia Regina, "ili tusijue tunamtukana nani."

Akaapa kwamba kipima unyevu kijacho kitakuwa na chipu iliyochorwa na watu wanaokula mahindi hayo. Watu walimcheka. Chipu? Ile inayotengenezwa na matajiri wa dunia? Lakini Wawira alikuwa amesoma peke yake, kwa bando la kuungaunga, na alijua jambo ambalo wachekaji hawakulijua: programu za kuchorea chipu zipo za huria, hazina leseni wala bwana. Na shirika moja la ng'ambo lilikuwa likichukua sahani ya silikoni, kuikata vishamba vidogo vidogo, na kuwagawia bure vikundi vya wanafunzi popote walipo. Chora, tuma kabla mlango wa kupokea michoro haujafungwa, kiwanda kitakuchapia.

Bure, ndiyo. Hata maji ya Tana ni bure kwa mwenye kamba ya kuyafikia. Kuziweka programu zenyewe kwenye kompyuta kulikuwa adhabu. Moja inaitisha nyingine, nyingine inaitisha toleo la zamani la tatu, la tatu linataka intaneti usiku kucha. Waliozitengeneza hawakuwa wabaya. Walikuwa watu walioshiba intaneti, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wawira alizifunga zote pamoja kwenye flashi moja. Chomeka, andika amri moja, subiri. Hakuna intaneti, hakuna maswali. Kazi hiyo ilimla miaka yake mizuri, ikamla na mchumba mmoja.

Kisha akaanza kuigawa. Alianzia Kiirua, kwa kijana aitwaye Mutegi aliyekuwa na laptopu nzuri aliyoachiwa na mjomba wake. Wawira aliketi mwenyewe, akaandika mwenyewe, ikakubali. Mutegi alipojaribu kufunga laptopu kabla haijamaliza, Wawira alimkemea mbele ya wenzake mpaka kijana akatoka nje kuvuta pumzi. Baadaye alituma flashi Mikinduri, kwenye chuo cha ufundi, kwa mwalimu aitwaye Karwirwa. Jibu lilikuja siku iyo hiyo: "Imekubali, dada. Mungu akubariki sana."

Ndipo wakagawana kazi. Kiambere wangechora sehemu ya kuonyesha namba kwenye kioo. Mikinduri wangechora moyo wa chipu, ile sehemu inayopima nafaka inashika umeme kiasi gani kati ya vibati viwili, maana nafaka mbichi hushika zaidi ya kavu. Moyo huo alipewa mwanafunzi wa Karwirwa, msichana aitwaye Kinya. Kila Wawira alipopiga simu aliambiwa wanaendelea vizuri. Wiki ya kufungwa kwa mlango akaambiwa wanamalizia. Alhamisi akaambiwa wanamalizia. Mtu wa kumbukumbu ndefu anajua "tunamalizia" ina maana gani ikisemwa mara nyingi. Aliweka laptopu yake kwenye mkoba, akafunga ndengu kidogo za zawadi, akalala kwa binamu Meru mjini, na Ijumaa asubuhi akatokea mlangoni kwa Karwirwa bila kubisha.

Mlango wa silikoni ulikuwa unafungwa jioni hiyo.

Chumba cha kompyuta kilikuwa kimya. Mashine zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani, zimefunikwa leso kama wagonjwa. Kinya alikuwa ameinama juu ya karatasi pana, anachora kwa penseli. Kando yake aliketi mwanamume wa makamo, viganja vyeusi kwa utomvu wa miraa. Huyo alikuwa Bundi, mkulima aliyejiandikisha chuoni baada ya bei ya miraa kumvunja moyo.

"Haiya!" Karwirwa alisimama, akamkumbatia. "Dada Wawira! Si ungetuambia unakuja, tukuchinjie hata kuku. Keti. Kinya, chai."

"Sitaki chai. Washeni mashine nione."

"Keti kwanza. Mtu hatoki Kiambere mpaka hapa aongeleshwe akiwa amesimama."

Wawira aliketi. Chai ililetwa, ikamiminwa, na Karwirwa akauliza habari za mvua, za Regina, za mbuzi. Kila jibu lilipokwisha alikuwa na swali lingine tayari. Wawira alianza kuona kwamba anapewa chai kama mtu anayeandaliwa habari ya msiba.

"Mwalimu," alisema, "nani amekufa?"

Kinya aliangalia chini. Bundi ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mwambie, mwalimu. Ama nimwambie mimi, nina umri wa kutukanwa."

"Mzee Bundi, tafadhali."

"Hizi mashine, mama," Bundi alisema, akionyesha leso kwa kidole, "hazijawahi kukubali. Hata moja. Hata siku ile ulitumiwa baraka."

Wawira aliweka kikombe chini polepole. "Na kazi mliyokuwa mkinitumia? Vipande vya mwanzo nilivyoona vilitoka wapi?"

"Kiirua," Kinya alisema kwa sauti ndogo. "Kwa Mutegi. Ile uliweka wewe mwenyewe ndiyo inafanya. Tulikuwa tunabeba flashi tunaenda huko siku ya soko. Watu wa Mikinduri, hata wengine wa Nkubu walikuwa wanakuja. Tunapanga foleni."

"Foleni?"

"Kama posho mill," Bundi alisema. "Kila mtu na debe lake. Wa mbele anasaga, wa nyuma anangoja. Mashine ni moja, sifa ni za wilaya nzima."

"Sasa mbona hamko Kiirua leo?"

"Radi," alisema Karwirwa. "Jumatatu. Ilipiga kwa waya, laptopu ya Mutegi ikaungua. Tulikuwa tunatafuta namna ya kukueleza."

Wawira alisimama. Hasira ilipanda kutoka miguuni, ile hasira yake ya kawaida, aliyoizoea kama mtu anavyozoea fimbo yake. Akauliza kwa nini. Miezi yote hiyo, kwa nini? Yeye si ndiye aliyewaambia siku ya kwanza kwamba wakikwama wapige simu? Wazungu wamewanyima, mabepari wamewafungia, sasa na wao wenyewe wanajifungia kwa uongo? Aliongea mpaka mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita nje akageuka na kwenda njia nyingine.

Karwirwa alimwacha amalize. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mpole, aliyezoea kungoja watoto wanyamaze.

"Dada," alisema, "mtu akikuletea chakula kutoka mbali, amejinyima ili ule, ukikuta mchanga ndani utamtemea mbele yake? Sisi hapa hatukulelewa hivyo. Tulisema tutatoa mchanga wenyewe polepole. Halafu tulisikia habari ya Mutegi, vile ulimfanya mbele ya watu. Kwa kufunga kompyuta tu! Na yetu..." Akasita. "Kinya, mwonyeshe."

Kinya alitoa leso kwenye mashine ya kwanza, akaiwasha, akachomeka flashi, akaandika amri. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mingi, ya kuaminika. Kwa muda mrefu ilishuka. Kisha ikasimama. Chini kabisa likatokea neno moja peke yake la Kiingereza, *Killed*.

"Imeuawa," Kinya alisema. "Mara ya kwanza tulipoiona tulijua tumeua mashine ya serikali. Hakuna kingine imesema. Haisemi nani ameua, haisemi kwa nini. Tulizima zote. Mwalimu alituombea. Nani angekupigia simu akuambie tumeua kompyuta, na wewe ulimtoa Mutegi machozi kwa kuifunga?"

Wawira alilitazama neno lile. Alilijua. Kompyuta hulitoa ikiishiwa na kumbukumbu: huichagua programu iliyobeba mzigo mkubwa, huiangusha, na kuendelea na shughuli zake. Si kifo cha mashine. Ni mpagazi aliyetua gunia. Lakini yeye hakuwahi kuliona katika kazi hii, kwa sababu laptopu yake ilikuwa na kumbukumbu ya kutosha, na ya Mutegi pia. Mashine hizi za chuo, zilizokuja kama msaada baada ya kuchakazwa na wenyewe huko zilikotoka, hazikuwa nayo. Kifurushi cha maskini alikuwa amekijaribu kwa tajiri. Makosa yale yale ya walioshiba; tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameyafanya akiwa anawatukana walioshiba.

Hakulisema hilo. Alifungua mkoba, akatoa laptopu yake.

"Nipe flashi yako, Kinya. Kazi yako yote ya moyo. Hii yangu itamaliza kabla ya saa sita mchana, naunganisha na ya Kiambere, natuma. Kishamba hakitupiti."

"Sasa hapo umeongea," Bundi alisema.

Kinya aliishika flashi lakini hakunyoosha mkono.

"Ilete, mwanangu. Muda unaenda."

"Ukituma," Kinya alisema, "halafu chipu irudi na kasoro. Nitaifungua wapi?"

"Utaniletea."

"Kiambere?"

"Kiambere. Ama nije."

"Na usipokuwepo?" Msichana sasa alikuwa amemtazama usoni. "Ulitufundisha wewe ile hadithi ya kipima unyevu kilichoandika 'mwite muuzaji'. Umeisema kila mahali, watu wanaijua kama Baba Yetu. Sasa mimi moyo nimechora, lakini sijawahi kuuona ukichapwa kwa mashine ya hapa. Ukitoka na hiyo laptopu, huyo wa 'mwite muuzaji' ni wewe."

Karwirwa aliziba mdomo kwa kiganja. Mwanafunzi wake alikuwa hajawahi kumwambia mgeni maneno kama hayo, na huyu alikuwa mgeni ambaye hata chai yake haijaisha.

"Upuzi!" Bundi alipiga meza. "Watoto wa siku hizi mnapenda maneno matamu. Watu wanakula sumu huko chini. Mama huyu amezika ndugu. Tuma, chipu ije, tusome baadaye. Shibe kwanza, mafundisho baadaye!"

"Mzee, chipu haiji kesho," Kinya alijibu. "Hata tukituma leo, kiwandani ni miezi. Mavuno haya imeyakosa tayari."

"Na yale ya pili?"

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Wakituma leo, chipu ingekuwa mikononi kabla ya mavuno ya pili. Wasipotuma, wangengoja sahani nyingine, na mavuno ya pili nayo yangeingia ghalani kwa kubahatisha. Wawira aliyaona macho ya Muriuki, yale manjano. Aliyaona bila kujitahidi. Yalikuwa yakimjia hata akiwa anasuka nywele. Akakifikiria pia kile kifaa kwenye kabati la Regina, na chipu isiyo na jina. Je, kingekuwa na tofauti gani kama jina lililokwanguliwa lingekuwa Wawira wa Kiambere?

Mtu aliyepigana na mlango maisha yake yote haoni siku anapogeuka kuwa mlango.

Alifunga laptopu yake. Haikuwa kwa moyo mweupe, mikono yake ilikuwa inakataa. Akairudisha mkobani, akavuta kiti mpaka karibu na mlango, mbali na mashine, akaketi.

"Wacha ningoje hapa," alisema. "Siigusi kazi yenu. Mashine za hapa ziimalize, hata mlango ukitufungia. Mtaniuliza, nitajibu. Kila inapokwama mseme kwa sauti, hata kama ni kitu cha aibu. Hasa cha aibu."

Bundi alichukua kofia yake. "Basi mimi naenda shambani. Sitaki kuona watu wakingoja kwa hiari." Akatoka, na hakurudi siku hiyo.

Walianza. Wawira aliwaeleza kwamba mashine inaweza kuazima kumbukumbu kutoka kwenye diski yake, kama mtu anayetua nusu ya mzigo kando ya njia na kurudi kuufuata. Ni polepole, lakini mzigo hufika. Kinya akaandika amri. Akakosea. Wawira akauma mdomo. Kinya akakosea tena, na mikono ya Wawira ikainuka yenyewe kutoka magotini, na Karwirwa akaiona, akamshikisha kikombe cha chai ili ipate kazi.

"Inasema haipati kitu fulani kwa intaneti," Kinya alisema.

"Haihitaji intaneti," Wawira alijibu haraka. Kisha akafikiri. "Soma jina lake."

Kinya akasoma. Kilikuwa kijiprogramu kidogo ambacho Wawira alikuwa amekishusha miaka iliyopita, kikakaa kwenye laptopu yake mpaka akasahau kuwa kipo, kama mafiga yasivyoonekana na anayepika kila siku. Hakikuwa kwenye flashi. Hakijawahi kuwa kwenye flashi; laptopu ya Mutegi bila shaka ilikuwa nacho tayari. Alimruhusu Karwirwa akihamishe kutoka kwenye laptopu yake, kwa mkono wa Karwirwa mwenyewe, na yeye akaandika jina la kijiprogramu kwenye kiganja chake kwa kalamu asije akasahau tena.

"Kingine?"

"Hapa pameandikwa uchague toleo, lakini hapajaandikwa lipi."

"Kingine?"

"Hii barua yako ya maelezo iliyokuja na flashi," Karwirwa alisema kwa uangalifu, "mwanzo ni matusi kwa makampuni. Kurasa nzima. Wanafunzi wakifika kwenye amri wameshachoka."

Wawira alitaka kujibu. Alikunywa chai.

Mvua ya mchana ilipiga mabati mpaka wakaacha kusikilizana, kisha ikapita. Mashine ya kwanza ilimaliza kuwekewa programu zote, kisha ya pili. Kinya alifungua kazi yake na kuianzisha: programu ingechukua maandishi yake na kuyageuza kuwa mchoro wa kuchapwa kwenye silikoni. Kwenye laptopu ya Wawira kazi hiyo ingekuwa ya kunywa chai na kurudi. Hapa iliazima, ikatua, ikarudi kufuata, ikaazima tena. Mwanga wa jua ulihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Karwirwa alienda kufundisha, akarudi. Wakati mmoja Kinya alimgeukia Wawira, akatazama mkoba wake, na Wawira akaelewa kwamba msichana naye alikuwa anaogopa alichokichagua.

"Ukitaka nitume, sema sasa," alimwambia. "Sitakucheka."

Kinya akatikisa kichwa.

Jioni simu ya Wawira ilimletea ujumbe kutoka kwa wenye sahani: asanteni wote mliotuma, mlango umefungwa. Aliwasomea. Nje wanafunzi wa useremala walikuwa wakifagia maranda, wakiimba. Mashine ilikuwa bado inahangaika.

Giza likiwa linaingia, mchoro ulitokea: vijimraba vya rangi vilivyopangwa ngazi kwa ngazi kama matuta ya mashamba ya Tigania, na katikati nyaya mbili za kwenda kwenye vibati vya kupimia. Kinya aliusogelea. Hakushangilia. Aliuzungusha, akaukuza, akatafuta, na baada ya muda akaweka kidole.

"Hapa nilikosea," alisema. "Waya huu unagusana na huu. Chipu ingerudi imekufa."

"Unaweza kurekebisha?"

"Kesho. Hapa hapa."

Karwirwa alikaa chini taratibu na kufuta macho kwa pindo la leso, na haikujulikana kama ni kwa kile walichokipoteza au kwa kile walichonusurika.

Wawira alitoka nje kupiga simu. Regina alipokea mara moja. Alikuwa amekaa na simu mkononi.

"Wifi. Imeenda?"

Wawira alikuwa na maneno mengi. Alikuwa na radi, alikuwa na mashine za msaada, alikuwa na historia yote ya umeme wa Kiambere. Aliyaona yote yamepanga foleni.

"Haikuenda," alisema. "Tumeshindwa. Programu yangu haikuwa rahisi kama nilivyokuambia. Mavuno ya pili hatutakuwa na kifaa."

Alisikia kuku wa Regina wakigombania kulala.

"Akina mama niwaambie nini?" Regina aliuliza mwishowe. "Walishaanza kuniuliza."

"Waambie hivyo hivyo. Wasiingize mahindi kwa kutumaini. Wachukue chupa kavu, watie mahindi na chumvi kavu, watikise. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani."

"Hiyo tunaijua tangu zamani."

"Najua mnaijua."

Regina alivuta pumzi. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kumzika aliyempenda. Habari mbaya hazikumkuta amesimama.

"Basi ukirudi pitia Embu," alisema, "uninunulie chumvi. Pakiti za kutosha kila nyumba. Hapa dukani imeisha."